Kutetea tasnifu ya uzamili: rudi kwanza kwenye sura ya mbinu

Watahini wanakuwa wameshaisoma tasnifu yako kabla hujaingia chumbani. Zile dakika 15 au 20 za kuwasilisha ni za kuwakumbusha tu walichosoma. Kazi yenyewe iko kwenye maswali, na maswali magumu hutoka sura ya mbinu za utafiti, ambayo wengi huwa hawajaigusa tangu pendekezo lao lilipopitishwa.

Chukua sampuli. Tasnifu nyingi za dodoso zina watu 384. Mtahini anauliza, "Kwa nini 384?" Mtahiniwa anajibu, "Ndivyo kanuni inavyosema." Hapo amejifunga goli mwenyewe. Jibu lenyewe si refu: kiwango cha uhakika cha asilimia 95 kina thamani ya 1.96. Ipandishe kwa kipeo cha pili, zidisha kwa 0.5 mara 0.5, kisha gawanya kwa 0.05 (kiwango cha kosa unachokubali) yenye kipeo cha pili, unapata 384.16. Ile 0.5 ni sehemu ya watu inayokisiwa kuwa na unachokipima; huwekwa pale usipojua sehemu halisi, kwa kuwa ndiyo inayodai sampuli kubwa kuliko zote. (Mtahini mkali atauliza mbona hukupandisha iwe 385. Ana haki.)

Likipita hilo, linakuja lenye uzito zaidi. Kanuni hiyo hudhani kwamba watu walichaguliwa kwa nasibu. Kama uliwapa dodoso wale tu waliopatikana na kukubali, 384 haikuokoi hata kidogo. Usizungukezunguke: sema ni sampuli ya upatikanaji, eleza kilichokuzuia kufanya vinginevyo, kisha onyesha kwamba hitimisho lako halivuki mipaka hiyo. Kasoro uliyoitaja mwenyewe watahini huivumilia. Waliyoikuta imefichwa wataishikia bango.

Wiki moja kabla, kaa na kalamu ujumlishe kila jedwali. Sura ya mbinu ikisema dodoso 301 zilirudi, halafu jedwali la umri likajumlisha 298, lazima ujue watatu wameenda wapi. Pengine hawakujaza umri; basi andika hivyo chini ya jedwali. Asilimia zikifika 99.9 kwa sababu ya kukadiria desimali, si kosa, ila uwe na jibu. Angalia pia lugha yako: thamani ya p (uwezekano wa kupata matokeo kama yako au yaliyozidi hapo iwapo uhusiano haupo) ikizidi 0.05 hujathibitisha kwamba uhusiano haupo, bali data yako haikutoa ushahidi wa kutosha kwamba upo.

Slaidi 12 hadi 15 zinatosha. Tatizo, malengo na pengo la utafiti zisile zaidi ya slaidi tatu. Nusu nzima iwe ya matokeo. Ziwekee namba, maana mtahini atasema "rudi ile ya 9." Herufi zisipungue ukubwa wa 24, na njano juu ya nyeupe iache kabisa, projekta huimeza. Beba nakala ya PDF, kwani kompyuta ya ukumbini ikikosa fonti yako mpangilio wote huvurugika. Fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, saa mbele yako. Kusoma kimoyomoyo hukudanganya kuhusu muda.

Ingia na tasnifu iliyochapishwa, na iwe toleo lilelile walilopewa watahini. Ukija na toleo ulilosahihisha, wao wakisema ukurasa wa 67 wewe utakuwa unapekua wa 71. Bandika vikaratasi kwenye kila sura na kwenye dodoso.

Swali likija, liandike. Usipolielewa, lirudie kwa maneno yako uone kama ndilo. Jibu kwa sentensi mbili au tatu, kisha nyamaza. Wengi huharibu jibu zuri kwa kuendelea kuongea. Msimamizi wako usimtazame akuokoe, na usimtupie lawama kwamba ndiye aliyekuelekeza. Omba mtu akuandikie maoni yote, maana wewe hutayakumbuka.

Matokeo ya kawaida ni kufaulu kwa sharti la marekebisho. Tengeneza jedwali la safu tatu: maoni ya mtahini, ulichofanya, na ukurasa kinapoonekana. Pale usipokubaliana naye, toa sababu ndani ya jedwali hilohilo badala ya kuruka. Safu ya kurasa ijaze mwisho kabisa, kwa sababu aya moja ukiiongeza sura ya pili, namba zote za mbele zinasogea.