Nilivyompatia mzee wangu kitanda cha ICU kwa kadi ya bima

Mimi ni mwalimu hapa Singida. Nakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mwajiri anaongeza 3, na mzee wangu yumo kwenye kadi kama mtegemezi. Nimonia ilipomzidia, kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kikisoma asilimia 82 tu na oksijeni iko puani, daktari wa zamu aliniambia waziwazi kwamba anahitaji ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, na watu wanaoimudu mashine ya kupumulia.

Nikashika simu kuulizia bingwa wa wagonjwa mahututi anayepokea bima. Hospitali moja binafsi wakanijibu, "Bima tunapokea, kaka." Nilipotaja ICU, sauti ikabadilika: kliniki na vipimo sawa, ICU ni fedha taslimu, tena utangulize kabla mgonjwa hajapanda kitandani. Hiyo nayo ni kupokea bima!

Aliyenifumbua macho ni muuguzi wa wodini. "Mwalimu, daktari wa ICU humtafuti kama wa meno. Bima ina mkataba na hospitali. Wewe tafuta kitanda, daktari utamkuta hapohapo." Akaniambia pia kuwa sehemu nyingi ICU iko mikononi mwa madaktari wa usingizi, wale wanaolaza wagonjwa kwa ajili ya upasuaji, kwa hiyo ukiulizia "bingwa wa mahututi" mapokezi watakushangaa tu.

Basi nikaachana na mapokezi, nikawa naomba dawati la bima. Kitanda cha ICU kipo leo? Mashine ipo? Bima inalipia ICU yenyewe au wodi tu? Majibu yakawa ya kueleweka, hata yale ya "hapana".

Hata hivyo, simu iliyotuvusha aliipiga daktari wetu. Alizungumza na mwenzake wa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, akahakikishiwa kitanda, ndipo akaandika barua ya rufaa. Tukasafiri kwa gari la wagonjwa zaidi ya kilomita 200, muuguzi akiwa kando ya mtungi wa oksijeni, na mimi nimeikumbatia bahasha yenye kadi, kitambulisho cha NIDA na ile barua. Pale dirishani walihakiki kadi, wakanipa fomu nisaini, mzee akaingizwa.

Kuna dawa moja haikuwa kwenye orodha ya bima, nikainunua duka la nje. Gharama za ICU zilibebwa na bima.