Nilivyopata skolashipu ya koopu ya uhandisi kutoka Tandahimba, uzoefu wangu

Wadogo zangu wa Tandahimba na Newala mmeniuliza sana, leo nimetulia naandika yote, kuanzia kujaza fomu mpaka usaili pale Mtwara mjini. Kampuni na chuo sivitaji, ntaeleza ilivyokua tu.

Kwanza koopu yenyewe. Mjomba niliposema koopu akajua naongelea ushirika wa wakulima wa korosho, AMCOS za vijijini na TANECU chama kikuu chetu, ikabidi tukae chini ya mkorosho nimwelekeze taratibu. Hii ni ya masomo, kampuni inakulipia ada na hela ya kujikimu, unasoma kipindi fulani af unaenda kufanya kazi kwao miezi kadhaa, unarudi darasani, unaenda tena, hivo hivo mpaka digrii inaisha. Fildi zetu tulizozoea ni wiki nane hivi, hujakaa sawa ushaondoka, ila huku unarudi sehemu ile ile mara mbili tatu mpaka wanakuachia mtambo. Utaratibu huu ulianzia Marekani 1906, chuo kikuu cha Cincinnati, profesa wa uhandisi anaitwa Herman Schneider, na Kanada chuo cha Waterloo kilipoanza 1957 kikaujenga kabisa ndani ya masomo yake. Haya niliyasoma kwenye simu usiku na ndo swali la kwanza nililoulizwa, koopu unaielewaje, so yasomeni.

Mwaka wa kwanza wa kuomba nilikosa. Nilimaliza advance PCM (fizikia, kemia na hesabu), nikaenda steshenari kuapulai, kijana wa pale akaniambia insha anayo tayari, mimi nibadilishe jina tu. Nikakubali mana nilikua na haraka na hela ya kukaa pale masaa matatu sina. Baadae nikaja kukutana na wenzangu wawili waliojaza pale pale, tukasomeana, insha moja, "tangu utotoni nimekua na ndoto ya kuwa mhandisi" mpaka nukta. Wote watatu hatukuitwa. Iliniuma mno kwa sababu matokeo nilikua nayo, na chuo nilipata ila mkopo uliotoka haukufika hata nusu ya kinachotakiwa, nikabaki nyumbani msimu mzima.

Huo msimu ndo ulioniokoa, nasema kweli. Mjomba ana blowa ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, ile dawa ya ubwiriunga, na mwezi wa sita ilikua haiwaki. Fundi alikua mbali na maua hayasubiri, ugonjwa ukiingia kwenye maua umepoteza mwaka. Nikafungua plagi, ile inayotoa cheche kwenye injini, nikakuta kavu. Plagi ikiwa imelowa ujue mafuta yanafika, shida iko kwenye cheche, ikiwa kavu mafuta hayafiki kabisa. Nikashuka kwenye kabureta, nikakuta petroli ya msimu uliopita imeganda imekua kama gundi, katundu kadogo ka kupitisha mafuta kameziba, na filta ya hewa imejaa salfa. Nikasafisha, nikachanganya mafuta upya, lita moja ya petroli kwa mililita 40 za oili, ikawaka mvuto wa tatu. Majirani wakaanza kuleta za kwao. Nilishika sita mwezi ule na kila moja nikaandika kwenye daftari ilikua na nini, nimefanya nini, imekaa siku ngapi kabla ya kusumbua tena.

Tangazo lilipotoka tena, insha nikaandika mwenyewe kwa mkono nyumbani siku nne, steshenari nikaenda kuchapa tu. Sikuweka neno ndoto hata moja. Nikaanza na plagi kavu. Nikaeleza blowa sita, nne ni kabureta, moja filta, moja ilinishinda na nikasema imenishinda, pistoni ilikua imekula silinda na sikua na kifaa. Kwenye swali la kwa nini unataka fani hii nikaandika nataka kujua kwa hesabu kile ambacho sa hivi nakijua kwa mikono. Vyeti andaeni mapema, cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa RITA, namba ya NIDA, na imeili iwe ya kwako na nywila unaikumbuka wewe, sio ya mwenye steshenari. Na mkopo wa bodi nikaomba vile vile, mana dirisha likifungwa limefungwa, skolashipu ikija ndo unaamua.

Nikaitwa. Siku ya usaili nilitoka Tandahimba usiku, wakati huo mpaka Mnivata ni vumbi tupu ndo unaikuta lami, so shati nililibeba kwenye mfuko nikabadilisha nilipofika Mtwara. Vyeti kwenye nailoni. Saa mbili kamili nipo mlangoni.

Asubuhi ilikua kazi ya kundi, watu watano, wanatuangalia. Swali: kijiji kipo juu mlimani, maji yapo bondeni, fanyeni nini. Jamani mimi nimezaliwa uwanda wa Makonde, hilo sio swali la kitabuni, bibi yangu amekunywa maji ya mvua ya kisima cha uani maisha yake yote na maji ya bomba kwetu yanasukumwa kutoka bondeni Mitema. Kaka mmoja alianza kuchora pampu kubwa haraka haraka akawa anaongea peke yake. Nikamwomba tupige hesabu kwanza: lita 1,000 kuzipandisha mita 100 ni jouli kama 980,000, yaani robo yuniti ya umeme na ushee, hapo pampu haijapoteza kitu na kiukweli inapoteza. Af nikamuuliza dada mmoja aliyekua kimya anaonaje, akasema mapaa ya bati ya shule na zahanati yakusanye mvua ili pampu ifanye kazi kiangazi zaidi. Wazo lilikua zuri kuliko langu na nililisema hivo mbele yao, tukalichora lile. Baadae niliambiwa hapo ndo waliniwekea alama, kwenye kumuuliza yule dada.

Mchana ikawa usaili wa mbele ya watu watatu, mhandisi, mwalimu wa chuo na mama wa rasilimali watu. Shikamoo, kaa, jieleze. Mhandisi akaenda moja kwa moja kwenye blowa, kwa nini ile petroli inachanganywa na oili wakati gari haichanganywi? Nikamwambia gari ina oili yake imekaa chini ya injini, hii haina, petroli inapita kwenye chumba cha krenki, chini ya pistoni, kwanza kabla ya kupanda juu kuungua, so inabidi oili isafiri nayo humo humo la sivyo vyuma vinasagana. Akaitikia kwa kichwa akaendelea, kwenye mtambo wa Madimba pale gesi ya Mnazi Bay inakaushwa maji kabla ya kuingia kwenye bomba la Dar, kwa nini? Nikasema maji yanaleta kutu ndani ya bomba, sababu nyingine kama ipo siijui, ila ningeanza kwa kuangalia maji na gesi vikikaa pamoja kwenye presha kubwa vinafanya nini. Akaniambia umeanzia pazuri, kwenye presha kubwa na ubaridi maji na methane, yaani gesi yenyewe, vinashikana vinakua kitu kigumu kama barafu, bomba linaziba. Mpaka leo sijasahau. Nilikua nimeogopa kusema siijui, ila yule mzee alinifundisha palepale kwa upole na usaili ukawa maongezi.

Mama wa rasilimali watu aliuliza nikifeli somo ntafanyaje, nikamwonyesha daftari, ile blowa iliyonishinda.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu kwa simu. Mkataba tuliusoma na mjomba mstari kwa mstari, na hapa msikimbilie kusaini. Tuliuliza: GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ikishuka chini ya kiwango wanakata mara moja au wanakupa muhula wa kujirekebisha, ukimaliza unadaiwa kuwafanyia kazi miaka mingapi, ukiugua je, nauli na chumba kipindi cha kazi nani analipa. Mawili hayakua kwenye karatasi, wakayaandika ndo nikasaini.

Sa hivi kipindi changu cha kwanza cha kazi kimeangukia mwezi wa saba, katikati ya kupulizia. Nimemwandikia mjomba hatua zote za kusafisha kabureta kwa herufi kubwa, ameibandika kwenye mlango wa ghala. Juzi kanipigia saa kumi na mbili asubuhi, mpwa wangu, plagi imelowa, nikamwambia basi leo angalia cheche.