Randa ya chuma iliyotumika: cha kukagua kabla ya kulipa, cha kufanya baada ya kulipa

Ukikuta randa ya chuma kati ya misumeno na nyundo za mitumba hapa Bukavu, Kadutu au kwingineko, mara nyingi itakuwa ya muundo wa Leonard Bailey, ambao kampuni ya Stanley ya Marekani iliuchukua mwaka 1869. Kampuni ya Record ya Sheffield, Uingereza, iliufuata muundo huohuo. Randa namba 4 ina urefu wa karibu sentimita 25, namba 5 karibu 35, na kisu cha kila moja kina upana wa milimita 50 hivi. Kwa anayetengeneza milango na vitanda, namba 5 ndiyo ya kuanza nayo.

Kutu isikutishe, inatoka. Kinachomaliza randa ni ufa. Mwili wake ni chuma cha kumwaga, ukianguka kwenye sementi unapasuka. Mwombe muuzaji ruhusa, fungua kibano kinachokibana kisu, toa kisu, kisha tazama pembe za mdomo, yaani upenyo kisu kinapotokea chini, na mbavu mbili za kando ukiwa juani. Mafuta meusi huficha ufa, kwa hiyo futa kwanza. Pima chuma kilichobaki kutoka kwenye makali hadi tundu refu la kisu: kikiwa chini ya sentimita 2, kisu hicho kimekwisha. Hesabu na skrubu. Hesi zake si za milimita, basi ile iliyopotea huipati kwa muuza vyuma wa kawaida. Mpini uliovunjika si sababu ya kuacha randa, utachonga mwingine kwa kipande cha mbao ya libuyu.

Nyumbani, fungua kila kitu. Nati ya shaba inayosukuma kisu imekatwa hesi ya kushoto: kuitoa, izungushe kulia. Wengi huikaza wakidhani wanaifungua, mpaka hesi inakatika. Ikigoma, iloweke usiku mzima kwenye mafuta ya taa.

Kisu, bamba linalokaa juu yake na skrubu viingie kwenye siki ya kawaida kwa saa chache, usiku mmoja ukizidi sana. Vikikaa zaidi, siki inaanza kula chuma chenyewe. Suuza kwa maji yenye kijiko cha bikaboneti, kausha na upake mafuta papo hapo, maana kati ya Septemba na Mei unyevu wetu hurudisha kutu kabla hujageuka. Mwili usiuloweke. Usugue kwa mafuta ya taa na brashi ya waya.

Uso wa chini unanyooshwa juu ya kioo kinene, msasa namba 80, halafu 120, halafu 220. Rudisha kisu ndani kikiwa kimevutwa juu, na ukaze kibano kama wakati wa kazi, kwa sababu mkazo huo hupinda mwili kidogo. Chora mistari ya penseli, sugua, tazama ilipobaki. Ncha ya mbele, ukingo ulio mbele ya mdomo na mwisho wa nyuma vikigusa, inatosha. Kibonde katikati ya hapo hakidhuru.

Sasa bamba la juu, ambalo mafundi wengi hawaligusi ingawa ndilo linaloamua kila kitu kwenye libuyu. Liunganishe na kisu, uelekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga ukipenya kati yao, maranda yataingia hapo na kuziba mdomo. Sugua ukingo wa bamba kwenye kinoo, sehemu yake ya nyuma ikiwa chini kidogo, hadi mwanga upotee. Kwa kazi ya kwanza liache milimita 1.5 kutoka kwenye makali. Kwa kumalizia libuyu, ambayo nyuzi zake hupishana na kung'oka, lisogeze hadi nusu milimita au chini yake.

Makali yanolewe kwa pembe ya nyuzi 25, kisha ncha ndogo ya 30. Huna kipimo? Kisu cha unene wa milimita 2 kikinolewa kwa nyuzi 25, mteremko wake una karibu milimita 5. Nyoosha pia mgongo wa kisu, milimita chache tu karibu na makali. Shimo la kutu likibaki pale, kila pigo litaacha mstari kwenye ubao. Kwenye mashine ya kunolea, chovya kisu majini kila mara. Kikigeuka buluu, pale pamelainika, na hapana dawa ila kusaga hadi upite rangi hiyo.

Randa ikitetemeka, angalia uchafu chini ya kile kipande kinachobeba kisu, kisha skrubu zake. Ikivuta upande mmoja, sogeza kile kishikizo kidogo cha nyuma ya kisu hadi maranda yatoke sawa kulia na kushoto. Ukimaliza kazi, ipake mafuta, na usiilaze juu ya maranda mabichi ya mkaratusi: maji yake yakikutana na chuma, chuma na mbao vyote vinaingia weusi.