Begonia Ndani ya Koti

Nilifika nyumbani Baltimore usiku wa manane, vidole vya miguu vimekufa ganzi, na kabla sijavua koti nikafungua boksi juu ya meza ya jikoni nione kilichopona.

Nilikuwa nimetoka Philadelphia, kwenye yale maonyesho makubwa ya maua ambayo chama cha bustani cha Pennsylvania kiliyaanzisha mwaka 1829, Seyyid Said akiwa bado hajahamishia makao yake Unguja. Hufanyika ndani ya jumba la mikutano la jiji, siku tisa mfululizo, mwanzoni mwa mwezi wa tatu wakati miti ya huku haina hata jani moja. Kutoka kwangu ni kama saa mbili kwa basi. Ya kwenda sina la kusimulia, maana nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikalala mpaka mtu akanigusa bega kwamba tumefika.

Ninalea begonia. Ninazo 31, zimejaa kwenye madirisha mawili na kwenye rafu ya chuma niliyoifungia taa. Nilianza katika baridi yangu ya nne Marekani. Alfajiri moja ya Januari nilipita dukani kununua mkate, theluji imeshageuka tope jeusi kando ya barabara, na pale mlangoni palikuwa na meza ya vitu vilivyoshushwa bei. Juu yake kulikuwa na begonia moja imechanua maua ya rangi ya chungwa, dola 4. Nilisimama nikaitazama mpaka mlinzi akaniuliza kama ninahitaji msaada. Nilikuwa sijaona ua lililo hai tangu Oktoba.

Baadaye nikajua kwa nini ile huchanua kwenye baridi. Ina damu ya Sokotra, kisiwa ambacho manahodha wa majahazi ya bahari yetu walikijua tangu zamani. Mwaka 1880 Mskoti mmoja, Isaac Bayley Balfour, alitoka huko na begonia ambayo hulala wakati wa kiangazi kikali na kuamka siku za ubaridi. Waingereza wakaizalisha na begonia za milima ya Andes, ikapatikana aina iliyoitwa ‘John Heal’ mwaka 1883. Kisha Lemoine, mzalishaji wa maua kule Nancy nchini Ufaransa, akaizalisha ile ya Sokotra na ya Afrika Kusini, ikatoka ‘Gloire de Lorraine’ mwaka 1891. Begonia nyingi zinazouzwa madukani wakati wa baridi ni kizazi cha ile ya Sokotra. Mimi niliposoma hayo niliipenda ya kwangu maradufu, nikaihamisha kutoka dirisha la jikoni na kuipa la sebuleni.

Kiingilio kilikuwa zaidi ya dola 40. Kuweka koti pesa, chai pesa, na mkate uliotiwa kipande cha kuku dola 16, tena mkavu. Ukitaka kula kama binadamu vuka barabara uende soko la Reading Terminal lililo jirani, ila siku ile foleni zilikuwa ndefu nikaona nitapoteza saa nzima kwa ajili ya tumbo. Zile bustani kubwa za mbele, zenye maporomoko ya maji na taa, nilizipita. Watu walikuwa wamesongamana wakipiga picha. Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza za mashindano, ambako watu wa kawaida huleta mimea waliyoilea majumbani mwao.

Hapo nilikaa muda wa saa tatu. Kila chungu kina kadi yake, na walioshinda wana utepe: wa bluu kwa wa kwanza, mwekundu kwa wa pili, wa njano kwa wa tatu. Kulikuwa na begonia maculata ya Brazili, ndefu kama mtoto wa miaka sita, majani yake ya kijani yamenyunyiziwa madoa ya fedha kana kwamba mtu ameyahesabu moja moja, na ukiinama ukaliangalia jani kwa chini ni jekundu kama divai. Majani ya begonia hayana pande sawa. Nusu moja hutanuka kuliko nyingine, ndiyo maana jani huning'inia kama bawa. Maua nayo ni ya kiume na ya kike kwenye mche mmoja, na la kike utalijua kwa kibofu chenye mabawa matatu kilichojificha nyuma yake. Nilikuwa nimepiga magoti kukitazama kibofu hicho, mama mmoja wa Kimarekani, mzee, mwenye udongo kwenye kucha, akaniambia ule mche ni wake na ameupata kwa kijiti kimoja cha urefu wa kidole. Utepe wake ulikuwa mwekundu. Akanionyesha jani moja la chini lenye ukingo wa kahawia, akasema hilo ndilo lililomnyima wa bluu, na kosa lilikuwa dirisha aliloliacha wazi usiku mmoja. Tuliongea mpaka nikasahau kwamba miguu inauma.

Kwenye upande wa wauzaji nilinunua vitu vinne, na bei zake sitaki mama yangu azijue. ‘Escargot’, yenye jani linalojikunja kama konokono, dola 28. Luxurians ndogo, ambayo majani yake hufanana na mnazi mchanga, dola 35. Jani moja tu la begonia nyeusi, ndani ya mfuko wa plastiki, dola 12. Jani! Lakini anayejua begonia anajua kwamba jani moja ukilikata mishipa na kulilaza juu ya udongo wenye unyevu litakupa miche. Na cha nne kilikuwa ‘Lucerna’, aina ya zamani iliyozalishwa Uswisi karne ya 19, shina kama la mwanzi, maua mekundu yanayoning'inia vichala. Wakusanyaji hawaikimbilii, ni ya kawaida mno. Mimi nililipa dola 30 bila kuuliza mara mbili, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kibarazani kwetu Lushoto, kwenye kopo la rangi lililotobolewa matundu kwa msumari, mpaka mwaka ambao mbuzi wa jirani walikata kamba.

Basi la kurudi lilikuwa la saa mbili usiku. Kituo chenyewe kilikuwa ukingo wa barabara tu. Hakuna paa, benchi wala choo, kibao tu kwenye mlingoti. Nyuzi tano chini ya sifuri, na upepo. Nililipa dola 29 kusimama pale. Saa mbili ikapita, saa mbili na nusu ikapita, tukaambiwa kwa simu kwamba basi liko njiani. Shina la begonia ni maji matupu, na baridi ya namna ile huliua haraka kuliko unavyofikiri. Nikalivua koti langu nikalifunika boksi, nikabaki na sweta.

Saa tatu nikampigia mama. Kwao ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, ameshaamka.

“Umekula?” akaniuliza.

“Nimekula mama. Nimepata ile begonia yetu.”

“Ipi?”

“Ya kibarazani. Ya kwenye kopo.”

Akanyamaza kidogo. “Hiyo si ilikuwepo huku bure?” akasema. “Haya, ifunike isipigwe na upepo. Na wewe jifunike.”

Nilipokata simu kijana mmoja aliyekuwa ameegemea mlingoti akasogea. Amevaa koti kubwa la kazini lenye mistari ya kung'aa, la watu wa mabohari.

“Mama, samahani. Unasemaka Kiswahili?”

“Ninasema, mwanangu. Wewe wa wapi?”

“Bukavu. Niko hapa tangu miaka tatu.” Akatazama boksi lililovishwa koti. “Ndani kuko mtoto?”

Nikamwambia ni maua. Hakucheka. Akahamia upande unakotoka upepo akasimama hapo, mgongo wake ukatukinga mimi na boksi, na tukaongea hivyo mpaka basi likaja, saa nne kasoro dakika kumi.

Dereva akalitazama boksi akasema hilo ni la kwenda kwenye buti. Nikamweleza kwamba ni mimea hai, itaganda, nitalipakata, halitamsumbua mtu. Akasema sheria ni sheria. Nikamwonyesha kwamba viti vingi viko wazi. Akasema kama sitaki nibaki. Abiria walikuwa nyuma yangu wanatetemeka, mtoto mmoja analia, na mimi ndiye niliyeziba mlango. Nilisikia machozi yanakuja, na siyo ya baridi.

“Leta moya nikamate, mama,” kijana akasema. “Niko na koti mukubwa.”

Tukapiga magoti kwenye lami, nikafungua boksi. Yeye akachukua luxurians, akaitoa kwa uangalifu kama anayepokea kikombe kilichojaa, akaiingiza kifuani na kufunga zipu mpaka kidevuni. Mimi nikaweka ‘Escargot’ ndani ya koti langu na jani la dola 12 ndani ya sweta. ‘Lucerna’ haikuwezekana. Ilikuwa inanifika kiunoni. Nikaizungushia kilemba changu, nikarudishia boksi, na dereva akalisukumia ndani ya buti pamoja na masanduku ya watu.

Hita ya upande wetu ilikuwa mbovu. Karibu na Delaware tukakuta ajali mbele, magari yamesimama mpaka macho yanapoishia, na sisi tukasimama nayo zaidi ya saa nzima. Kila dakika nilikuwa naisikiliza ile buti chini ya miguu yangu.

Kijana akafungua zipu kidogo, akachungulia. “Inanuka kama pori,” akasema. Kisha akauliza, “Hii, kamti yake iko mukali?”

“Chachu? Ndiyo, ina uchachu. Umejuaje?”

“Kwetu, ku Kahuzi, ku pori, kuko moya inapandaka ku miti. Maua ya mweupe. Tulikuwa tunatafunaka wakati tunaenda kutafuta kuni. Mukali kama ndimu.”

Nywele zilinisimama. Mimi ni mtoto wa Lushoto. Njia yetu ya kwenda kuokota kuni ilipita ukingoni mwa msitu wa Magamba, na pale penye ukungu kulikuwa na mmea unaopanda miti, maua meupe yenye wekundu kidogo, na sisi tulivunja vijiti vyake tukatafuna mpaka meno yakafa ganzi. Ni begonia. Vitabuni inaitwa Begonia meyeri-johannis, kwa jina la Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889. Inaota Usambara, inaota Kilimanjaro, inaendelea magharibi mpaka milima ya Kivu. Nimetembelea maonyesho na maduka ya begonia kwa miaka, nimenunua za Brazili na za Asia, na yule kijana ndiye mtu wa kwanza nje ya Lushoto niliyekutana naye aliyewahi kuitia mdomoni.

Nikamuuliza kwao waliiitaje. Akafikiri, akafumba macho, akasema bibi yake alikuwa na jina lake lakini limempotea. Nami la kwetu sikulijua. Tukakaa tumepakata begonia zetu, yeye ananisimulia njia ya kuni ya kwao, mto waliouvuka, ndugu waliobaki kule na wengine waliotawanyika, na mimi namsimulia ukungu wa Julai Lushoto, namna unavyoingia mpaka jikoni. Nilitambua kwamba tangu asubuhi, mpaka nilipokutana naye, sikuwa nimesema neno moja la Kiswahili isipokuwa kwa simu.

Yeye alikuwa anaendelea Washington. Baltimore akanikabidhi luxurians, ya moto kama mkate. Nilimpa dola 20 akakataa. Basi nikatoa lile jani kwenye sweta nikamwekea mkononi, nikamweleza haraka haraka: kata mishipa ya chini kwa wembe, lilaze juu ya udongo wenye unyevu, funika na plastiki, usilipe jua kali, subiri. Akaniandikia namba yake nyuma ya risiti ya kiingilio.

Luxurians na ‘Escargot’ zilipona bila doa. ‘Lucerna’ nilipoifunua kilemba, majani yote yalikuwa yamegeuka ya kioo, meusi, yamelala kama mchicha uliochemshwa. Nilipoligusa moja liliteleza kati ya vidole na kuacha maji. Nikaketi sakafuni na koti langu.

Asubuhi nilimtumia mama picha. Hakusema pole. Aliniambia nichukue kisu, nikate juu kidogo tu ya udongo, nisimwagie maji mengi, niiweke mahali pa joto na nisiitupe, kwa sababu hata ile yetu mbuzi waliila mpaka chini na ikatoa machipukizi mara mbili kabla haijakata tamaa. Nikamuuliza na ile ya Magamba, ya kupanda miti, jina lake ni nini.

“Sisi tulikuwa tukiita machachu tu,” akasema. “Kwani bado ipo?”

Juzi kijana alituma picha: jani jeusi juu ya udongo, ndani ya boksi la plastiki la chakula, mvuke umeganda kwenye kifuniko. “Mama, inaishi.” Cha kwangu ni chungu chenye kisiki cha urefu wa kidole gumba. Nimekiweka dirisha la sebuleni, pembeni mwa ile ya Sokotra. Jana nilikwangua ganda lake kwa ukucha, chini kabisa, karibu na udongo, na palikuwa na kijani.