Treni Isimame na Nguruka Pia

Tabora ndipo treni inapogawanywa. Ukifika stesheni usiku unakuta kichwa kinakwenda mbele na kurudi nyuma, mabehewa yanagongana, na abiria wamekalia mizigo yao wakiulizana, "Hili la Mwanza au la Kigoma?" Ya Mwanza inaelekea kaskazini kupitia Isaka na Shinyanga. Ya kwetu, ya Kigoma, inashika magharibi, na ikifika Kaliua inaliacha tawi la kilomita 210 linalokwenda Mpanda.

Nilikata daraja la tatu. Nauli ni nafuu, lakini hasa nilitaka kukaa na watu ambao bila treni hii safari zao zinakuwa ngumu. Mama mmoja aliyekuwa anarudi Nguruka, stesheni iliyo kati ya Tabora na Kigoma, alinisogezea nafasi kwenye benchi, akaweka ndoo mbili na fungu la masufuria chini ya miguu yetu, na baiskeli ya mwanawe akaifunga kwa kamba kwenye nguzo karibu na mlango. Nikamsalimu "Shikamoo mama", akaitikia, akaniuliza ninashuka wapi.

"Kigoma."

"Utatuacha njiani basi."

Nikamuuliza kwa nini hapandi basi. Barabara imekuwa nzuri tangu daraja la Kikwete lifunguliwe pale Malagarasi mwaka 2015, lami nayo imekuwa ikisogea mwaka hadi mwaka, na mabasi yameondoka na abiria wengi wa treni. Hakuona haja ya kufikiri sana. "Basi linanichukua mimi, mwanangu. Mzigo wangu linauacha."

Baada ya Urambo, nchi ya tumbaku na mabani yake ya kukaushia, giza lilikuwa zito na behewa likaanza kuyumba. Sehemu hii ya reli imezeeka na mwili unaijua. Wajerumani walianza kazi Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache kabla ya vita. Tangu hapo geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli, ni ileile ya mita moja. Ukarabati mkubwa wa miaka ya karibuni, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia, ulihusu Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970. Kipande cha Tabora hadi Kigoma hakikuwemo. Ndiyo maana treni inatembea kwa tahadhari, na ikikutana na ya mizigo lazima mojawapo isubiri stesheni yenye njia ya kupishana. Tulisubiri kwa muda mrefu mahali ambapo sikuona hata taa moja. Watu walilala, watoto walilia, mtu mmoja akafungua redio kwa sauti ya chini.

Kulipokucha tulikuwa tunaingia Nguruka, na hapa nitasema kwa kirefu, maana ndipo nilipoielewa reli hii. Kabla treni haijasimama vizuri, wanawake na wasichana walishajaa chini ya madirisha: sinia za samaki wa kukaanga, mihogo ya kuchemsha, chai kwenye chupa, na asali ya miombo iliyotiwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Msichana mmoja alinipa ya lita moja na nusu. Mzee aliyekaa mbele yangu akaichukua kabla sijalipa, akaipindua kichwa chini na kuitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kipovu cha hewa kilipanda polepole sana, kama kinakwama. "Hiyo ni asali," akasema, akanirudishia. Ile ya jirani yake aliipindua pia. Kipovu kikapanda mara moja, akaikataa. Yote hayo kwa dakika chache. Mama yangu wa masufuria alishuka, baiskeli ikapitishwa mikononi mwa watu wanne mpaka chini, na kabla king'ora hakijalia alishaifungia ndoo zake nyuma.

Soko lile halina jengo wala ratiba yake. Ratiba yake ni ya treni. Siku treni isipopita, sinia zile zinarudi nyumbani zimejaa.

Naiunga mkono reli ya kisasa, tena kwa moyo wote. Julai 2024 ilianza kupeleka abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, treni za umeme zilizosanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa, na aliyewahi kuhesabu saa za basi kwenye njia ile anajua maana yake. Mkataba wa Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Upo pia mpango wa kutoa njia Uvinza kwenda Musongati nchini Burundi, na mwingine wa kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi bandari ya Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Lakini sikiliza jinsi miradi hii inavyoelezwa: nikeli ya Musongati, shehena ya Kongo, tani za bandari. Mzigo ndio utakaolipa mkopo, sibishi. Abiria anatajwa mwishoni, na abiria wa stesheni ndogo hatajwi kabisa. Treni ya kasi haiwezi kusimama kila kijiji. Basi ibaki treni nyingine inayosimama, juu ya reli ya zamani iliyotengenezwa vizuri au juu ya hiyo mpya, na iamuliwe sasa, wakati michoro ya stesheni bado inaweza kubadilishwa.

Anayesema reli ikishakufa haifufuki aende Kaskazini. Treni ya abiria ya Moshi na Arusha ilikuwa imesimama kwa zaidi ya miaka 20. Ikarudi Moshi Desemba 2019, na Arusha Oktoba 2020, kwenye njia ileile ya zamani. Kama iliwezekana kule ambako barabara ya lami ni ya siku nyingi na mabasi hayahesabiki, huku Magharibi kutunza treni ambayo bado inatembea ni kazi nyepesi zaidi.

Uvinza nilimwona kijana anapakia chumvi, na mzee wa asali akanionyesha upande wa kaskazini, kuelekea Burundi: "Njia mpya itapita kule." Kutoka hapo reli ilishuka kuelekea ziwani, tukapita Kazuramimba na Kandaga, na watu wakaanza kusalimiana "Mwakeye" huku wakishusha mizigo.

Stesheni ya Kigoma, jengo la Wajerumani lenye matao, iko karibu kabisa na bandari. Kwa reli hii ndipo vilipopitishwa vipande vya meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, ikasafirishwa ndani ya masanduku na kuunganishwa upya hapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Miaka ile walijua kwamba treni na meli ni safari moja. Leo nilishuka na watu waliokuwa wanakwenda Kalemie na Bujumbura, wakasimama na mizigo yao nje ya stesheni wakiuliza chombo cha majini kinaondoka lini. Hakuna aliyeweza kuwajibu kwa uhakika, wakaita bodaboda kwenda kutafuta gesti.

Reli mpya ikifika hapa, tiketi ya Tabora iweze kukatwa pamoja na ya meli, kwenye dirisha moja, na saa za meli zibandikwe hapohapo stesheni. Hilo halisubiri kilomita 506 zikamilike. Linaweza kuanza na treni hii hii niliyoshuka.