Jinsi nilivyojua kama pakiti zetu za bizari zina gramu 100

Mimi na shangazi yangu tunasaga bizari ya pilau hapa Majengo, Mombasa, tunaitia kwenye pakiti za gramu 100 na kuziuza kwa maduka ya Kongowea, Likoni na Mji wa Kale. Mwenye duka mmoja alituambia wateja wake wanalalamika kuwa pakiti ni nyepesi. Shangazi akatwaa moja, akaiweka kwenye mizani: 102. "Si hii hapa? Watusingizia tu." Mwenye duka naye alikuwa na yake ya gramu 95. Kila mmoja alishika ukweli wake mkononi na hakuna aliyethibitisha kitu, kwa sababu mkono unaojaza kwa kikombe hautoi pakiti mbili zilizo sawa. Cha kuulizwa kilikuwa wastani wa ujazaji wetu wote, pamoja na pakiti zilizokwisha liwa na zile ambazo bado hatujazijaza.

Jambo hili lilininyima raha. Kenya ina Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, na sisi tumelelewa tukisomeshwa Suratul Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo. Kuzidisha pia sikutaka, maana bei ya iliki kila mpishi wa Mombasa anaijua.

Basi kabla ya kugusa pakiti niliandika daftarini. Nadharia tete kanushi, yaani dai linaloshikwa mpaka ushahidi uliangushe: wastani wa ujazaji wetu ni gramu 100. Nadharia tete mbadala, yaani dai linalobaki hilo la kwanza likianguka: wastani si gramu 100, uwe chini au uwe juu. Nikaandika pia kwamba nitatumia kiwango cha asilimia 5, yaani nimekubali kuwa hata kama wastani ni 100 kamili, kipimo cha namna hii kitatutia hatiani bure mara 5 katika kila 100. Asilimia 5 si amri ya mtu. Mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher aliwazoesha watafiti kuitumia kupitia kitabu chake cha mwaka 1925, na kwa bizari niliona inatosha. Ingekuwa dawa ya mtoto ningetaka ukali zaidi.

Mizani ilikuwa ya kidijitali, ya kawaida tu. Sonara mmoja wa Mji wa Kale aliniazima jiwe lake la gramu 100, nikalipima asubuhi na jioni mpaka nikaridhika. Nilipima pia pakiti tupu ili uzito wake utolewe. Kuchagua pakiti ndiko nilikosimamia kwa nguvu zaidi: msaidizi wetu alitaka kunipa za juu ya katoni, na hizo ndizo zilizojazwa mwisho, kwa mkono uliochoka. Nikazipa pakiti zote namba, nikapiga kura, zikatoka 16.

Wastani wa zile 16 ulikuwa gramu 98.6. Mkengeuko sanifu, yaani jinsi pakiti zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, ulikuwa gramu 2.8. Unaugawa kwa kipeuo cha pili cha 16, ambacho ni 4, unapata kosa sanifu, yaani kiasi ambacho wastani wa sampuli huyumba kwa bahati tu, la gramu 0.7. Tofauti yetu na 100 ni 1.4 kwa upungufu. Gawa kwa 0.7, unapata t, yaani idadi ya makosa sanifu yanayotutenga na 100, ya −2.0.

Hapa ndipo napenda kumtaja William Sealy Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin. Kazini kwake alikuwa na sampuli ndogo ndogo, na aliona kuwa ukiukadiria mtawanyiko kwa vitu vichache hivyo hivyo unavyovipima, unajiongezea mashaka. Mwaka 1908 alichapisha hesabu yake katika jarida la Biometrika kwa jina la Student. Kwa sampuli kubwa mno, mpaka wa asilimia 5 kwa pande mbili ni 1.96, na kwa mpaka huo −2.0 yetu ingetutia hatiani. Lakini kwa pakiti 16, zenye digrii 15 za uhuru (idadi ya pakiti ukitoa moja), jedwali la t linadai 2.131. Hatukuufikia.

Shangazi akashukuru Mungu. "Basi hatuna kosa."

"La, shangazi. Imesema ushahidi haujatosha. Haijasema wastani ni 100."

Nikamwonyesha masafa ya imani ya asilimia 95, yaani wastani zote ambazo data yetu haizikanushi kwa kiwango kile cha asilimia 5: kuanzia gramu 97.1 hadi 100.1. Mia moja imo ndani, lakini imebanwa ukingoni, na 97.5 nayo imo. Thamani ya p ilikuwa kama 0.064: kama wastani wetu ungekuwa 100 kweli, sampuli iliyo mbali hivi au zaidi ingetokea kama mara 6 katika 100. Hiyo haielezi uwezekano wa sisi kuwa wasafi, ingawa wengi huisoma hivyo.

Mpwa wangu anayesoma chuo akasema tupime upande wa chini peke yake, kwani mpaka wake ni 1.753 na jibu lingepatikana papo hapo. Hesabu yake ni sahihi. Nilikataa kwa sababu upande tulikuwa tumeuchagua kabla ya kuona uzito wowote. Anayebadilisha upande baada ya kuona data hana tena ile asilimia 5 aliyoiandika, hata kama bado imo daftarini. Na kuongeza pakiti chache chache juu ya zile 16 mpaka mpaka uvukwe nilikukataa kwa sababu hiyo hiyo.

"Haya, mwanangu, wataka nini tena?"

Nilitaka sampuli mpya, kubwa zaidi, idadi yake ikiwa imekatwa mapema: 36, ili kosa sanifu lishuke karibu na nusu gramu. Wastani ukatoka 98.8, mkengeuko 2.7, kosa sanifu 0.45, t −2.67. Mpaka wa digrii 35 ni 2.03. Nadharia tete ya gramu 100 ikaanguka, na masafa yakawa 97.9 hadi 99.7. Tulikuwa tukipunja, kidogo lakini kweli.

Sababu haikuwa mbali. Oda zilipoongezeka tuliacha kuilaza bizari usiku kucha, tukawa tunaijaza ikitoka mashineni. Unga uliosagwa punde umejaa hewa, kwa hiyo kikombe kile kile hubeba uzito mdogo. Shangazi alikitupa kikombe mwenyewe, na sasa kila pakiti hujazwa juu ya mizani. Wenye maduka tuliwabadilishia katoni zilizobaki.

Baada ya hapo nilipima 36 nyingine kwa kura. Wastani 100.2, mkengeuko 1.8, t 0.67. Safari hii pia nadharia tete haikuanguka, ila masafa yalikuwa 99.6 hadi 100.8, yote ndani ya gramu moja kutoka 100, na hicho ndicho kiasi tulichokubaliana na shangazi kabla ya kupima.