Siku moja maishani mwangu: mkalimani wa korti na neno lenye pande mbili

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana ya hapa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, huniamsha kabla ya simu. Naswali, nawasha jiko, nakaanga anjera mbili, zile chapati laini za Kisomali, moja ya kula na moja ya kufunga kwenye karatasi, kwa sababu kortini saa ya chakula haina mwenyewe. Mimi ni mkalimani wa mahakama wa kujitegemea, Kisomali na Kiborana kwenda Kiswahili au Kiingereza, na kurudi. Nilizaliwa Isiolo, ambako mtoto huokota lugha tatu uwanjani kabla hajaanza shule, ndiyo maana sijawahi kuiona kama elimu mpaka siku niliyolipwa kwa ajili yake.

Saa kumi na mbili na nusu. Matatu ya namba 9 hadi mjini, kisha nyingine. Mvua ilinyesha usiku, kwa hiyo nauli imepanda pamoja na matope.

Saa mbili. Nimefika. Korti yenyewe siitaji, itoshe kusema ni moja ya zile za Nairobi zenye benchi za mbao na mlango wa seli unaobamiza. Naripoti kwa karani. Wasiojua wanadhani kila korti ina mkalimani wa kila lugha. Haina. Karani ndiye hutafsiri Kiingereza na Kiswahili, na akiwa na bahati, lugha ya mama yake pia. Lugha nyingine ikitokea, hupigiwa simu mtu kama mimi. Simu isipopigwa, nimeona kwa macho yangu askari akiita mahabusu mmoja kutoka seli: “Wewe, si mnaelewana? Njoo umsaidie mwenzako.” Na Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inasema mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi ana haki ya mkalimani bila malipo. Haisemi mkalimani awe nani.

Saa tatu na nusu. Kesi tatu za kwanza hazinihusu. Karani anatafsiri kwa lugha ya kwao, haraka haraka, kwa raha ya mtu aliye nyumbani. Mimi nasoma daftari langu. Humo naandika maneno yanayonisumbua.

Saa nne. Ananyanyuliwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwenyeji wa Mandera, anayetengeneza simu kwenye kibanda. Ameshtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kinaweza kumpeleka mtu ndani hadi miaka 14. Uzito wote wa shtaka hilo umekalia maneno machache: kwamba aliipokea mali hiyo akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi. Ukiyaruka hayo katika kutafsiri, umemfunga.

Karani anasoma kwa Kiingereza, mimi namwekea kwa Kisomali, polepole. Kila nikituma sentensi anaitikia, “Haa. Haa.” Karani anainua kichwa: “Amekubali?”

Bado. “Haa” ni ndiyo, kweli, lakini hii yake ni ya kunionyesha kwamba anasikia, vile Mswahili anavyosema “enhe” akisimuliwa jambo. Hakuna anayefungwa kwa enhe.

Namaliza. Sasa anaulizwa kama ni kweli. Anasema: “Waan qaatay, laakiin…”

Hilo la mwisho chumba kizima kililielewa bila mimi. La kwanza ndilo tatizo. Qaatay ni nilichukua. Qaatay pia ni nilipokea. Kisomali hakijali, kinategemea mazungumzo yaliyotangulia. Kiswahili kinajali sana. “Nilichukua simu yake” inanuka wizi kutoka mbali, “nilipokea simu yake” ni kazi ya kila siku ya kijana mwenye kibanda. Nikichagua moja, nimetoa hukumu kabla ya hakimu. Nasimama na kusema, “Mheshimiwa, neno alilotumia lina maana mbili. Naomba ruhusa nimuulize anakusudia ipi.”

Mwendesha mashtaka hakungoja. “Mheshimiwa, mkalimani anamtafsiria au anamtetea ndugu yake?”

Benchi za nyuma zikacheka. Masikio yangu yakapata moto. Yule kijana sijawahi kumwona maishani. Mimi wa Isiolo, yeye wa Mandera, na kati yetu kuna safari ya zaidi ya siku nzima na ukame wake. Jina lake na mtandio wangu vilitosha kutufanya ndugu. Karani ametoka kuwatafsiria watu watatu wa kwao asubuhi hiyo hiyo, na hakuna aliyemuuliza kama ni shemeji zake. Sikusema hivyo, maana mkalimani hana hotuba. Niliinamisha kichwa nikangoja.

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alimwangalia mwendesha mashtaka, akaniangalia mimi, akasema, “Muulize.”

Nikamuuliza. Kumbe mteja alimwachia simu kama rehani ya shilingi 2,500 akaenda zake, hakurudi. Walirudi polisi. “Eddo,” akaniambia, yaani shangazi, “ningejua ni ya wizi ningeiweka mezani mbele ya watu?” Nikaitafsiri yote, na ile “shangazi” pia, kwa kuwa kazi yangu si kupunguza. Wakacheka tena. Hakimu akaandika taratibu kwa mkono, maneno ya kijana kama alivyoyatamka, kisha akarekodi kwamba amekana shtaka. Dhamana shilingi 20,000 taslimu, kesi itajwe baada ya wiki mbili.

Alichofanya mama yule si hisani. Tangu 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishaweka utaratibu: shtaka na kila kiungo chake kielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa, na anachojibu kiandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Adan. Simama Eastleigh uite jina hilo, watageuka kumi.

Saa saba. Chapati na maharagwe kibandani, karani kanifuata. Si mtu mbaya. “Dada, usiichukulie moyoni. Na siku hizi si mnapata nafasi? Hata mawakili wenu wamejaa.” Nikamjibu kwa mdomo uliojaa chapati kwamba ni kweli. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja, na naipenda sheria hiyo. Ila inahesabu walio mezani. Nani anahesabu ni wangapi pale kizimbani leo wamesema “haa” bila kuelewa? Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza anjera inapikwa kwa unga gani. Nikampa ile iliyokuwa kwenye karatasi.

Saa nane na nusu. Hurlingham, ofisi ya wakili mzee wa Kihindi, kusoma hati ya kiapo kwa mteja wake wa Kiborana kabla hajaisaini. Kazi ya dakika arobaini, tukakaa saa mbili, kwa sababu nilimsimulia ya asubuhi na mzee akikumbushwa jambo hasimamishwi.

“Unajua Kapenguria, binti?” Najua, nikasema, kesi ya Kenyatta na wenzake watano, 1952 hadi 1953. “Mkalimani alikuwa nani?” Hapo nikakwama. Louis Leakey, akasema. Ndiye huyo wa mafuvu na mifupa ya kale, mtoto wa wamishonari, aliyezaliwa Kabete na kukisema Kikuyu kama wenyewe. Wakili wa utetezi, D. N. Pritt, akalalamika mahakamani kwamba mkalimani ana upande, na Leakey akajiondoa. Jaji Thacker akawafunga washtakiwa hata hivyo, miaka saba na kazi ngumu.

Nilikaa kimya. Basi swali la mwendesha mashtaka lilikuwa na babu yake. Tofauti ni kwamba Leakey alikuwa mtu wa serikali iliyoshtaki, na kwa Kikuyu chake chote, walio kizimbani hawakumwamini. Nikakubali, shingo upande, kwamba mkalimani kuulizwa upande wake si tusi lenyewe. Tusi ni kuulizwa kwa sababu ya mtandio.

Mzee hakuwa amemaliza. Kwenye meza ya utetezi Kapenguria, akahesabu kwa vidole, walikaa Pritt Mwingereza, Achhroo Kapila, Jaswant Singh, Fitz de Souza Mgoa, Dudley Thompson Mjamaika, H. O. Davies Mnigeria. Mkenya mweusi? Hakuna hata mmoja. Enzi hizo Mzungu akishtakiwa kwa kosa zito aliamuliwa na jopo la Wazungu wenzake, na Mwafrika alipewa wazee wa baraza ambao jaji hakulazimika kuwafuata. “Sasa angalia dirishani,” akasema. Chini yetu magari yalikuwa yamekwama kwenye barabara ya Argwings Kodhek. Wengi wanaipita kila siku wakidhani ni jina la Mzungu. Ni la wakili wa kwanza Mwafrika wa Kenya, aliyewatetea watuhumiwa wa Mau Mau. Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika, Kitili Mwendwa, alikuja 1968, miaka mitano baada ya uhuru.

“Na sisi Wahindi,” akaongeza akicheka, “serikali ilitutambua kuwa kabila la 44 mwaka 2017. Baba yangu alizaliwa hapa. Tuliagizwa tusubiri kidogo.”

Saa kumi na moja na nusu jioni. Foleni. Mama wa kijana ananipigia, sijui namba yangu kaitoa wapi. Dhamana imelipwa kwa mchango wa majirani, risiti anayo, lakini ameambiwa aje kesho. Namweleza kwamba mimi ni mkalimani tu, sina wadhifa wowote. Kisha namweleza dirisha la kwenda na karatasi ya kudai. Hili nalo si kazi yangu.

Saa mbili usiku. Mpwa wangu anayesomea sheria kampasi ya Parklands amekuja kula. Alizaliwa Pangani, Kisomali chake ni cha kuombea chai. Ana mashindano ya kuigiza kesi na anataka kuonekana mtu wa watu. “Eddo, ‘dhamana’ kwa Kisomali ni nini?”

“Damaanad.”

“Si ni lile lile!”

“Ni lile lile. Sema na ‘qaatay’.”

Akasema “kaatay”. Nikamrudisha. Akasema “ghaatay”. Nikamwambia aweke kijiko chini, avute sauti kutoka kooni, hadi mwenye nyumba akagonga ukuta.